Bei ya Konsoli Haiishii Kwenye Boksi

Kwa miaka mingi wapenzi wa gemu walikuwa na kanuni moja rahisi kuhusu ununuzi wa konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu: mwenye pupa hununua siku ya kwanza na kulipa bei ya juu, na mwenye subira hungoja miaka miwili au mitatu akaipata mashine ileile kwa bei nafuu. PlayStation 2 iliingia katika soko la Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, ikashushwa hadi 199 mwaka 2002, kisha ikaendelea kuteremka hatua kwa hatua mpaka ikafika dola 99 mwaka 2009. Nintendo 3DS, mashine ya mkononi, haikungoja hata nusu mwaka. Ilianza kuuzwa huko kwa dola 249 mwezi Machi 2011, na ilipofika Agosti bei ilikuwa imepunguzwa hadi 169 kwa sababu mauzo yalikuwa hafifu. Aliyekuwa na bajeti ndogo alijua kwamba zamu yake ingefika.

Kizazi cha sasa kimeivunja kanuni hiyo, na kimeivunja bila haya. PlayStation 5 (PS5) ya Sony, ile yenye sehemu ya diski, ilizinduliwa Novemba 2020 kwa dola 499. Agosti 2022 bei yake ilipandishwa Ulaya, Uingereza, Japani na katika masoko mengine kadhaa, na Agosti 2025 Marekani nayo ikafikiwa, bei ikawa dola 549. Xbox Series S ya Microsoft, iliyosifiwa kwa haki kama mlango wa bei nafuu ilipotoka kwa dola 299, ilipanda hadi 379 mwezi Mei 2025 na hadi 399 mwezi Oktoba mwaka huohuo. Ndugu yake mkubwa, Series X, alitoka 499 akapita 599 na kufika 649. Natumia bei za Marekani kwa sababu ndizo zinazotangazwa waziwazi na kulinganishwa kwa urahisi; mwelekeo wa masoko mengine umekuwa uleule au mbaya zaidi. Aliyesubiri miaka mitano amelipa zaidi ya aliyenunua siku ya kwanza, tena kwa mashine ambayo imekwisha kupoteza miaka mitano ya maisha yake.

Sababu hazihitaji hadithi za njama. Zamani, kila teknolojia ya kutengeneza chipu ilipopiga hatua, chipu ileile ilitengenezwa kwa umbo dogo zaidi na kwa gharama ndogo zaidi, na nafuu hiyo ilimfikia mnunuzi. Siku hizi hatua hizo zimekuwa ghali mno, kiasi kwamba kupunguza umbo la chipu hakupunguzi tena gharama kama zamani. Juu ya hilo ukaja mfumuko wa bei, na mwaka 2025 ukaja ushuru mpya wa Marekani kwa bidhaa zinazotoka nje. Kampuni nazo hazina mto mnene wa kulalia. Katika kesi ya Epic, kampuni ya gemu ya Fortnite, dhidi ya Apple mwaka 2021, Lori Wright wa Xbox aliieleza mahakama kwamba Microsoft haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine zenyewe. Faida hutoka kwenye gemu, usajili na vifaa vya ziada. Sony ilisema Agosti 2021 kwamba PS5 ya dola 499 ilikuwa imeacha kuuzwa kwa hasara, lakini biashara yenyewe ni ileile: mashine ni chambo, mapato yanafuata baadaye.

Ndiyo maana nadhani kuuliza “konsoli gani ina bei nafuu?” ni kuanza hesabu katikati. Bei isiyoshuka humlazimisha mtu akae na mashine aliyonayo kwa muda mrefu zaidi, na muda huo ukirefuka, gharama ndogondogo ambazo hazikuandikwa kwenye boksi huanza kuwa na uzito. Gharama ninayoitazama kuliko zote ni ile ambayo wauzaji huitaja mwisho kabisa, kama wanaitaja: padi, yaani kidhibiti unachokishika mkononi unapocheza, na hasa betri yake.

Kabla ya padi, mambo mawili ya haraka. La kwanza ni usajili. PlayStation Plus ya daraja la chini inagharimu dola 79.99 kwa mwaka tangu Septemba 2023, na bila hiyo huwezi kucheza na wenzako mtandaoni katika gemu nyingi za kulipia, ingawa gemu za bure kama Fortnite hazihitaji usajili huo. Zidisha mara miaka mitano upate dola 399.95. PS5 isiyo na diski iliuzwa dola 399.99 ilipozinduliwa. Kwa maneno mengine, ruhusa ya kucheza mtandaoni kwa miaka mitano ni konsoli ya pili iliyopungua senti nne, na sidhani kuna tangazo litakalowahi kuiweka hesabu hiyo kwa herufi kubwa. Anayecheza peke yake, au anayecheza gemu za bure tu, ameokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la sikukuu.

La pili ni diski. Konsoli isiyo na sehemu ya diski ilianza ikiwa na bei ya chini kwa dola 100, na wengi waliona wamefaidi. Mwenye diski, hata hivyo, anaweza kununua gemu iliyotumika, kuazima kwa rafiki na kuuza aliyokwisha kuimaliza, ilhali mwenye konsoli ya kidijitali ana duka moja tu, na duka hilo hupanga bei linavyotaka. Tangu gemu kubwa zilipopanda kutoka dola 60 hadi 70, gemu chache tu za mkono wa pili zinatosha kurudisha ile tofauti. Kwa anayecheza gemu moja ya mpira mwaka mzima hoja hii haina nguvu. Kwa anayemaliza gemu na kutafuta nyingine ina nguvu sana.

Sasa padi. Katika mashine nzima, padi ndiyo inayoshikwa, kuangushwa, kumwagiwa jasho na kuchajiwa. Chipu ya ndani ya konsoli inaweza kufanya kazi miaka kumi bila kulalamika, lakini padi huchakaa, na ikiwa betri imefungiwa ndani yake, betri hiyo ina siku zake. DualSense, padi ya PS5, ilitoka kwa dola 69.99, na padi ya Xbox Series kwa 59.99. Kwa mnunuzi wa Series S ya dola 299, padi ya pili pekee ilikuwa sawa na moja ya tano ya bei ya konsoli. Nyumba yenye watu wawili wanaocheza pamoja inanunua padi ya pili mapema, kwa hiyo ningependa kuona ulinganisho wa bei ukianzia na padi mbili badala ya moja.

Watengenezaji wakubwa wamefuata njia tofauti. Sony inafungia ndani betri ya lithiamu, na Nintendo pia. Microsoft imeshikilia betri mbili za AA, zile ambazo wengi tunaziita betri za rimoti, na kwa ajili hiyo imechekwa kila mwaka na watu wanaoona ni aibu kifaa cha kisasa kutumia betri za redio ya babu. Mimi nilikuwa upande wa wanaocheka mpaka nilipokaa na kalamu.

Ukubwa wa betri huandikwa kwa miliampea-saa, na namba hiyo ikisimama peke yake hupotosha, kwa kuwa betri hizi hazina volti sawa. Ukizidisha kwa volti unapata wati-saa, yaani nishati halisi iliyohifadhiwa. Betri ya DualSense ina miliampea-saa 1,560 kwa volti takriban 3.65, ambayo ni karibu wati-saa 5.7. Padi ya Pro ya Nintendo Switch ina miliampea-saa 1,300 kwa volti 3.7, karibu wati-saa 4.8. Betri mbili za AA za kuchaji, zenye miliampea-saa 2,000 na volti 1.2 kila moja, zinafika wati-saa 4.8 vilevile. Joy-Con moja, yaani padi ndogo inayokuja na Switch ya kwanza, ina miliampea-saa 525 tu, chini kidogo ya wati-saa 2.

Linganisha sasa na muda wa kucheza. Nintendo inataja takriban saa 40 kwa padi ya Pro na takriban saa 20 kwa Joy-Con. Microsoft inataja hadi saa 40 kwa betri za AA. Watumiaji wengi wa DualSense hupata kati ya saa 6 na 12, kutegemea gemu. Betri kubwa kuliko zote katika orodha hii ndiyo inayokwisha kwanza! Hata ile ndogo ya Joy-Con, yenye theluthi ya nishati, inaishi kuliko hiyo. Malalamiko ya kila siku kwamba Sony “imeweka betri ndogo” kwa hiyo hayana msingi; ni kama kulaumu tangi la gari wakati injini ndiyo inayokunywa.

Injini hiyo ni nini? Ni vitufe vya R2 na L2 (vile vya vidole vya shahada) vyenye mota ndogo na gia za kukukinza kidole, mitetemo ya aina mpya inayoweza kubadilika kwa ustadi mkubwa, spika, maikrofoni, kibao cha kugusa na taa. Katika gemu fupi inayokuja tayari ndani ya PS5, mvua inaponyesha unayahisi matone viganjani, tone moja hapa na jingine pale, na mhusika akitoka mchangani kupanda juu ya kioo, mikono yako inaitambua tofauti hiyo kabla ya masikio. Ni jambo la kupendeza kweli, na sitasema kwamba halina thamani. Ila lina bei, na bei hiyo hulipwa kwa saa za betri. Historia ya PlayStation yenyewe inathibitisha: DualShock 3, padi ya PS3, ilikuwa na betri ya miliampea-saa 610 na ilidumu takriban saa 30, DualShock 4 ya PS4 ikapewa 1,000, ikaongezewa taa, spika na kibao cha kugusa, na wengi wakabaki na saa 4 hadi 8. Betri ilikua, muda ukasinyaa. Kinyume chake ni WaveBird, padi isiyo na waya ambayo Nintendo iliitoa mwaka 2002 kwa ajili ya konsoli yake ya GameCube: ilitumia betri mbili za AA ikafikisha hadi saa 100, kwa sababu waliondoa mtetemo kabisa.

Mashine za mkononi ziliyajua haya zamani. Mwaka 1989 Game Boy ya Nintendo ilitoka kwa dola 89.99 ikiwa na skrini isiyo na rangi wala taa, na betri nne za AA ziliisukuma kwa saa nyingi. Game Gear ya Sega ilikuja na rangi na mwanga, ikameza betri sita kwa saa 3 hadi 5. Kwenye picha za matangazo Game Gear ilionekana kushinda kwa mbali, lakini aliyeinunua alikuwa amejiandikisha kununua betri kila wiki.

Kuna tokeo jingine la ulaji huo wa chaji ambalo huzungumzwa mara chache, nalo ndilo lililonibadilisha msimamo. Betri ya lithiamu huzeeka kwa mizunguko ya kuchaji: baada ya mizunguko kamili mia kadhaa hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, na huendelea kushuka. Tuchukue mizunguko 500 kwa mfano tu. Padi inayodumu saa 8 kwa chaji moja itafika mizunguko hiyo baada ya saa 4,000 za kucheza. Padi inayodumu saa 40 itaifikia baada ya saa 20,000, muda ambao watu wengi hawataufikisha maishani. Padi inayokula chaji haraka inakusumbua leo kwa kutaka waya, na wakati huohuo inaisogeza siku ya kufa kwa betri yake. Umri wa kalenda na joto navyo hula betri hata isipotumika, kwa hiyo padi ya saa 40 nayo si ya milele, lakini tofauti ni kubwa mno kuipuuza katika hesabu ya thamani.

Siku betri inapochoka, njia mbili zinaachana kabisa. Mwenye padi ya AA anafungua kifuniko cha nyuma kwa kidole, anatoa, anaweka nyingine na kuendelea kabla wenzake hawajamaliza kulalamika. Mwenye DualSense ana kazi ya fundi mvumilivu. Kwanza anaibandua fremu nyeusi iliyozunguka vijiti vya kuelekezea, ambayo imeshikwa kwa vibanio vya plastiki na hutoa mlio wa kukatisha tamaa kila kibanio kinapoachia. Kisha anavichomoa vitufe vya R1 na L1, maana skrubu mbili zimejificha chini yake, na nyingine mbili ziko kwenye ncha za mishikio. Baada ya hapo ganda la nyuma linaachana na la mbele, na betri inaonekana imekaa juu ya kitanda chake cha plastiki, na waya wake unaishia kwenye plagi ndogo inayochomoka bila kulehemu chochote. Betri mbadala haina bei kubwa. Kinachowashinda watu ni safari ya kuifikia, na kwa hofu hiyo wengi huishia kununua padi mpya, huku ya zamani, nzima katika kila kitu kingine, ikitupwa kwenye droo.

Sitaki kuipamba AA kupita kiasi. Betri zinazokuja na padi ya Xbox ni za kutupwa, na anayeendelea kununua za kutupwa kwa miaka mitano atalipa fedha nyingi na kurundika taka. Hesabu inakuwa nzuri kwa anayenunua za kuchaji pamoja na chaja yake siku ileile anayonunua konsoli, gharama ambayo ni ya lazima ingawa haijaandikwa popote. Betri za kutupwa zikisahauliwa ndani ya padi kwa miezi huweza kuvuja na kuzila springi za chuma kwa kutu nyeupe. Za kuchaji nazo zina volti ya chini kidogo, 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kipimo cha chaji kwenye skrini huweza kudanganya. Haya yote ni kero ndogo ambazo mtumiaji anaweza kuziondoa mwenyewe, na kwangu hilo ndilo linaloipa njia hii ushindi. Pro ya Nintendo inakaribia kunishawishi kwa upande wa pili, kwani saa 40 kwa chaji moja zinaifanya betri ya kufungiwa isiwe tatizo kwa miaka mingi.

Aliye na DualSense tayari hana haja ya kuiuza. Mipangilio ya PS5 inaruhusu kupunguza nguvu ya mtetemo na ukinzani wa R2 na L2, kufifisha taa, kushusha sauti ya spika ya padi, na kuamuru padi ijizime baada ya dakika 10 bila kuguswa. Katika gemu za ushindani watu wengi huzima ukinzani wa vitufe hata hivyo, maana unawachelewesha, kwa hiyo hawapotezi chochote. Anayeketi karibu na konsoli anaweza kucheza waya ukiwa umechomekwa, na padi ya betri iliyochoka huendelea kutumika miaka kwa njia hiyo. Padi za Xbox hufanya kazi kwa waya hata bila betri ndani.

Mabadiliko makubwa huenda yakatoka kwa wabunge kabla ya wahandisi. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, kwamba betri za vifaa vinavyobebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kwa zana zinazopatikana madukani, na kwamba betri za akiba zipatikane kwa angalau miaka mitano baada ya kifaa cha mwisho cha aina hiyo kuingizwa sokoni. Ina vighairi vyake, lakini ni vigumu kuona jinsi padi yenye skrubu zilizofichwa chini ya vitufe itakavyouzwa huko kwa muda mrefu bila kubadilishwa umbo. Kampuni haziwezi kwa urahisi kutengeneza padi moja kwa Ulaya na nyingine kwa dunia yote, kwa hiyo natarajia manufaa hayo yavuke mipaka.

Kwa kuwa bei za mashine mpya zimekataa kushuka, wengi sasa wanatazama zilizotumika, na huko uchunguzi wa padi una faida ya papo hapo. Omba padi ije ikiwa imechajiwa, iwashe, cheza gemu yenye mtetemo kwa nusu saa na utazame kipimo cha chaji. Kikishuka hatua moja baada ya nyingine ndani ya muda huo, betri imechoka. Kwenye padi ya AA, fungua kifuniko uangalie springi kama zina kutu. Ukikuta kasoro, ondoa bei ya betri mbadala kwenye bei ya muuzaji ikiwa una bisibisi na uvumilivu, au bei ya padi mpya nzima ikiwa huna, kisha uamue kama konsoli bado ni rahisi kuliko ile mpya yenye warranti.